Mstari wa Buluu Kwenye Maziwa ya Kasanda

Niliondoka Heru Juu Julai 2014 kwa sababu nilihitajiwa, sikuomba. Chuo kikuu kimoja kilikuwa na mafunzo ya uzamivu kwa watafiti chipukizi wa bakteria, na utaratibu wake ulikuwa mgeni: anayesomea bakteria ajifunze kuhoji watu, anayesomea jamii ajifunze kupima maziwa. Walitaka mtu wa maabara anayejua Kiha. Ninyi wa nyumbani mnajua kama kuna mwingine. Nililima mihogo ya watu nikajilipia ada, nikapata stashahada, nikafanya kazi Mwanza miaka kumi na mmoja, nikarudi na darubini yangu mwenyewe. Sasa nilikuwa nakwenda kuwafundisha watu wanaotafuta udaktari.

Saa mbili asubuhi, Kasulu. Wanafunzi wangu walikuwa wawili. Neema, mtu wa Moshi, alisomea bakteria. Shabani wa Tanga alisomea sosholojia. Tulikuwa tunatafuta ugonjwa unaowafanya ng'ombe kutupa mimba na unaowapa watu homa zisizoisha wanapokunywa maziwa mabichi. Shabani alitaka tupite nyumba kwa nyumba. Nikawaambia hiyo ni kupoteza siku; tuwaite watu mahali pamoja, waje na chupa zao.

"Kaka, ng'ombe wenyewe hatutawaona," alisema Shabani.

"Tunapima maziwa, shehe, hatupimi pembe."

Neema alicheka, na hoja yangu ikapita.

Barabara ya Kibondo ilitumalizia mchana mzima. Vumbi jekundu liliingia hata kwenye madirisha yaliyofungwa, na kila shimo lilinifanya nigeuke kuangalia sanduku la vifaa. Kibondo tulilala. Sikupata usingizi mzuri; nilikuwa nikirudia kichwani maneno nitakayosema kesho, maana nilitaka wale wawili waone namna mtaalamu anavyozungumza na wananchi.

Alhamisi asubuhi, Kasanda. Tulipanga meza kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Watu walileta maziwa katika chupa za soda zilizozibwa kwa magunzi. Kipimo ni rahisi: unatia tone la dawa ya buluu kwenye mrija wa maziwa, unasubiri saa moja. Rangi ikipanda juu na kufanya mstari kwenye malai, kuna shaka ya ugonjwa. Mirija yote ilibaki safi isipokuwa mmoja. Mstari wake ulikuwa mnene.

Nikasimama, nikasoma jina kwa Kiha, kwa sauti ya kufika barabarani. Nikasema ng'ombe wa Mama Elia ni mgonjwa.

Mzee mmoja mwenye kofia aliinuka, akakung'uta suruali, akaondoka bila kuaga. Jirani ndiye aliyetueleza: yule ni Mzee Bukuru, na ng'ombe huyo ndiye inkwano, mahari ambayo Elia, mwana wa Mama Elia, alikuwa amkabidhi mzee huyo Jumamosi ili amwoe binti yake. Mama Elia ni mjane, wazazi wake walikuja kutoka Burundi, na hakuwa na ng'ombe mwingine.

Alikuja mezani polepole. "Baba, ng'ombe wangu umemwona?"

"Bado, mama."

"Basi njoo umwone."

Zizini kulikuwa na ndama ambaye kitovu chake kilikuwa hakijakauka vizuri. Shabani ndiye aliyeuliza, si mimi: alizaa lini? Jumapili, akajibu mama. Dang'a, yaani maziwa ya siku za kwanza baada ya kuzaa, huweza kuleta mstari ule ule hata kwa ng'ombe mzima. Nililisoma hilo mwaka wa kwanza na kufaulu mtihani wake. Neema alichukua sindano, akamtoa ng'ombe damu.

Jioni tulikwenda kwa Mzee Bukuru kuomba muda. Hakutukaribisha ndani. Alisema atangoja mpaka Jumamosi saa sita. Baada ya hapo hataki kusikia tena habari za nyumba ile.

Ijumaa tulirudi Kasulu na damu kwenye barafu. Njiani nilijikuta naomba niwe nimekosea, dua ambayo sikuwahi kuomba maishani. Maana kama ng'ombe alikuwa mgonjwa kweli, ningetoka msafi, na Elia angekosa mke.

Saa kumi alasiri, maabara. Neema aliweka tone la majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, akachanganya na dawa ya pinki. Ni dakika nne. Chembe zikigandana, ni ugonjwa. Nilikuwa nimezisubiri dakika hizo mara nyingi kwa kunywa chai. Safari hii nilishika ukingo wa meza. Hazikugandana. Nikamwomba arudie, akarudia. Bado hazikugandana.

Jumamosi saa tano na nusu, Kasanda, baada ya safari ya usiku kucha. Watu wa pande mbili walikuwa wamekaa uani kwa Mzee Bukuru, wakitazama chini. Nilipiga magoti mbele yake, nikamweleza habari za dang'a na za damu, nikasema kosa ni langu.

"Alhamisi ulisema kwa sauti," alisema. "Leo mbona unaninong'oneza?"

Nikainuka, nikawageukia watu. Nikasema ng'ombe wa Mama Elia ni mzima, na kwamba mimi, mwenye stashahada ya maabara, nilimtangaza mgonjwa bila kumwona wala kuuliza amezaa lini. Nikaambiwa nirudie upande wa barabarani, kulikokuwa na waliochelewa. Nikarudia. Mama Elia hakunishukuru. Alimfungua ng'ombe kwenye mti, akamkabidhi Elia kamba ampelekee Mzee Bukuru.

Jumatatu nilifika Heru Juu. Stashahada yangu iko ukutani palepale, na sioni haya nayo. Ila mtu akiniletea chupa ya maziwa siku hizi, siifungui kwanza. Namwomba anitangulie, twende zizini.