Nyumba Isiyouliza Inachokijua

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2024, saa sita na robo mchana, mwalimu wa darasa la pili alimrudishia mwalimu mkuu funguo za kabati, akasaini daftari la makabidhiano na kuaga. Alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja. Chini ya sahihi yake kuna nyingine ya herufi kubwa zilizopinda, ya binti yake wa miaka saba, aliyenyoosha mkono kuomba kalamu bila kusema neno. Naye alikuwa anaacha.

Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa kabla ya kuanza shule mdomo wake haukuwa na likizo. Kufikia mwaka wa pili darasani jina hilo lilisikika kama kejeli. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa alinyamaza, na ukimya huo alirudi nao hadi mezani. Aliyekuwa akimuuliza kutwa nzima alikuwa mama yake mwenyewe. Jioni moja, akisahihisha madaftari, mwalimu alijaribu kuyakumbuka maswali aliyouliza siku ile. Yalikuwa mengi kupita kiasi, na hapakuwa na hata moja ambalo jibu lake hakulijua.

Basi alipoanza kumfundishia mtoto nyumbani, alikata kipande cha boksi, akaandika kwa wino mweusi, akakibandika nyuma ya mlango: HUMU NDANI HAKUNA KUULIZA UNACHOKIJUA. Atakayevunja ataosha vyombo.

Mwezi wa kwanza vyombo vyote aliosha yeye. Mama mkwe wake, anayeishi nao, hakumpa nafasi ya kupumua. Alisema amewahi kusikia mwalimu wa kuogelea na mwalimu wa kuimba, lakini mwalimu wa kuosha sufuria ndiyo kwanza anamwona. Mume wake ni fundi vioo, na karakana yake iko chumba cha mbele. Yeye hakupata shida na sheria ile, maana kwa kawaida huuliza maneno matatu tu: urefu, upana, lini.

Mwezi wa pili mwalimu alijifunza kukaa kimya. Mtoto alishinda karakanani akipima, akichora madirisha, akipanga vipande vya mabaki ambavyo baba yake alivisugua kingo zisimkate. Alisoma oda za wateja kabla hajasoma kitabu kizima. Kelele zilirudi kidogo kidogo, kisha zote kwa pamoja, mpaka bibi akaanza kuutamani ule ukimya.

Kibali cha kusomea nyumbani hudumu mwaka mmoja na nusu. Agosti mwaka huu afisa elimu alikuja kuamua kama kiongezwe au Chiriku arudi darasani muhula ujao. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye fomu ya kurasa nne. Alipewa kiti na chai. Chiriku alimwamkia, akaketi mbele yake.

"Haya, binti. Saba mara nane ni ngapi?"

Chiriku alimtazama kwa huruma.

"Kwani hujui, mjomba?"

Bibi alipaliwa na chai. Kalamu ya afisa ilisimama juu ya fomu, penye mstari unaosema: *Anajibu maswali ya mwalimu*. Mwalimu aliyaona hayo yote akiwa kando ya kabati. Sentensi moja tu ingetosha kueleza, na alikuwa nayo mdomoni. Lakini kumjibia mtoto kungemrudishia ule ukimya. Akaimeza.

"Usione aibu," Chiriku alisema. "Hata mimi ilinisumbua."

Alileta boksi la vipande vya vioo, akapanga sakafuni safu saba za vipande vinane vinane, akamwomba mgeni ahesabu. Afisa alipiga magoti, suruali iliyopigwa pasi na yote, akahesabu mpaka hamsini na sita. Kisha akainua kipande kimoja, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hiki kioo ukikitazama usoni hakina rangi. Mbona ubavuni ni kijani?"

Hapo ndipo Chiriku alipochangamka. Alisema hilo nalo waliwahi kujiuliza na baba, na baba alisema hajui. Alivibeba vipande kumi na viwili, akavipanga kimoja juu ya kingine, akamwambia achungulie. Rundo lote lilikuwa la kijani. Kioo ni kijani kote, alisema, ila kikiwa chembamba huioni rangi yake. Kwa nini ni kijani bado hajajua. Ameiandika kwenye daftari la mambo wasiyoyajua, ukurasa wa tisa.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Alipoonyeshwa tangazo la nyuma ya mlango alilisoma mara mbili, akakiosha kikombe chake mwenyewe, bibi akimsihi aache. Ila alisema wazi kwamba fomu haina nafasi ya vioo. Kibali kitaongezwa Chiriku akifaulu mtihani wa darasa la tatu katika shule ya jirani, maswali arobaini.

Alipoondoka, mwalimu alimketisha binti yake. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi: mtoto angeweza kuirudisha karatasi tupu kwa kuwahurumia waliouliza.

"Watakuuliza mambo wanayoyajua," alimwambia.

"Yote arobaini?"

"Yote."

"Sasa wanauliza ya nini?"

"Wanataka kujua kama wewe unajua."

Chiriku alilizungusha hilo kichwani.

"Na hilo hawalijui?"

"Hawalijui."

"Kumbe wanauliza kweli," alisema, akaenda kuviokota vioo vyake.

Mwalimu alibaki mezani akicheka peke yake. Miaka kumi na mmoja ametunga mitihani, na hakuwahi kuifikiria hivyo. Bibi alimuuliza kama chai imekwisha, huku birika tupu likiwa mkononi mwake. Akaelekezwa kwenye beseni la vyombo.

Mtihani ni Jumatatu, tarehe 9 Novemba, saa mbili asubuhi. Mwalimu atamfikisha getini, kisha atarudi karakanani kuandika oda. Saa sita atakwenda kumchukua, na njiani atamuuliza ni maswali gani waliyouliza, kwa sababu hayajui.