Migebuka Mkobani

Mwaka jana madaktari wa Dar walinipunguza tumbo la chakula kwa upasuaji, likabaki na ukubwa wa ndizi. Wakanionya kwamba nikilijaza litatanuka na unene utarudi. Huku Kibondo nikatangaza kuwa nimekonda kwa mazoezi, mpaka wanawake wa kanisani wakaanza kukimbia nami asubuhi.

Jumapili nilimtembelea mama mkwe Kasulu. Alinipakulia mlima wa ugali na samaki wa migebuka wa mchuzi. Matonge matatu tu, nikashiba. Kwa kuogopa kumuudhi, kila alipogeuka nilitumbukiza chakula mkobani.

“Huyu anakula!” akafurahi, akaniongeza.

Wakati wa kuaga, wifi yangu alinipokea mkoba. Mchuzi ukamchuruzikia miguuni. Akaufungua mbele ya wote.

Mama mkwe akachungulia, akanishika mkono kwa huruma.

“Mwanangu, kumbe huko Kibondo mnalala njaa?”