Bawa la Kitambaa

Mwaka 2015 papa alikuja kukaa nami Buffalo majira ya joto. Kwa kawaida aliishi Louisville kwa kaka yangu, lakini kaka alikuwa akifanya kazi usiku kwenye ghala, na mzee wetu alikuwa ameanza kusahau jiko likiwaka. Mimi nilikuwa nikitunza wazee wa watu wengine kila siku. Nikaona afadhali nipate muda wa kumtunza na wangu.

Siku moja niliyokuwa na mapumziko nilimpeleka kwenye jumba la makumbusho mjini. Nilitaka aione ndege ya zamani ya vita, kwa sababu tangu utotoni tulimsikia akisimulia kwamba baba yake alibeba ndege kichwani. Ilikuwa wakati Wabelgiji walipopigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Ndege zilifika vipandevipande ndani ya masanduku, na vijana wa kwetu wakakamatwa wazibebe hadi ziwani. Zilipoungwa, askari wawili walipanda: mmoja aliendesha, mwingine alichungulia chini kutafuta zilikojificha meli za adui.

Ile ya Buffalo ilikuwa na magurudumu, ilhali za ziwani zilielea majini. Lakini ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yakishikwa na vijiti na nyaya. Papa macho yake yalikuwa hafifu. Alisimama karibu na kamba akakodoa.

"Mama, ile ni chuma?" aliniuliza. Huko kwetu baba humwita binti yake mama.

"Hapana, papa. Ni mbao na kitambaa."

"Kitambaa?"

Mwanamke mzungu aliyekuwa akisimamia chumba alituona tukibishana. Akaleta kipande cha bawa walichowawekea watoto wakishike. Kilikuwa kitani kilichopakwa rangi ngumu. Papa alikipokea kwa mikono miwili, akakipima uzito, kisha akatafuta mahali pa kukaa.

"Baba alikuwa na mdogo wake," alisema. Sehemu hiyo hakuwahi kutusimulia. "Walibeba sanduku moja lenye bawa pamoja na watu wengine. Yule mdogo akashikwa na homa njiani. Baba akaomba waliweke sanduku chini kidogo, msimamizi akakataa. Akasema bawa haliwezi kulala njiani. Bon, basi, wakamlaza yule mtoto kando ya barabara, wakamfunika majani, wakaendelea. Baba aliporudi hakumkuta."

"Hata kaburi?"

"Hata nguo yake."

Alikaa akikipapasa kile kipande. "Siku ndege iliporuka juu ya ziwa, watu wote walitoka kutazama. Baba alijifungia ndani. Maisha yangu yote nilidhani bawa lile ni kitu kizito kama nyumba. Donc, kumbe walimwacha kwa ajili ya hii?"

Yule mwanamke alikuwa hasikii lugha yetu, lakini alimwona mzee akilia, akatuletea maji. Papa alimshukuru kwa kuinamisha kichwa, akamrudishia kipande chake.

Kwenye gari nilimuuliza yule mtoto aliitwa nani. Akanitajia jina, akasema nyumbani kwao lilikuwa halitajwi, kwa kuwa bibi yake, aliyemzaa yule mtoto, akilisikia alikuwa hali chakula.

Majira ya baridi yalipoanza alirudi Louisville, na kusahau kukazidi. Alisahau kambi ya wakimbizi tuliyoishi kabla ya kuja Marekani, akasahau mke wa kaka. Kila nilipompigia simu aliniuliza jambo moja, kwa sauti ya mtu anayesubiri wenzake warudi kutoka njiani.

"Mama, mmempata yule mdogo?"

Mwanzoni nilimweleza kwamba ni mambo ya zamani, mtoto hakupatikana tena, naye akawa analia upya kama ndiyo kwanza anaambiwa. Baadaye nikaacha.

"Bado, papa," nilimwambia. "Tunamtafuta."

"Muende na maji," alisema.

Alifariki kabla ya Pasaka.