Funguo za Bafuni

Mimi ni mtu wa stoo. Miaka ishirini na tisa nimekaa kwenye stoo ya kiwanda cha rangi, na mtu akiniamsha usingizini kuniuliza kopo fulani liko wapi, nitamtajia rafu na safu kabla sijafumbua macho. Nasema haya mapema ili ujue kwamba nilichokifanya nyumbani kwa mdogo wangu sikukifanya kwa roho mbaya. Nilikifanya kwa ujuaji, na ujuaji, jamani, ni ugonjwa usio na kidonge.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anaondoka alfajiri, anarudi jioni macho mekundu. Mkewe, yaani wifi yangu, hafanyi kazi. Hivyo ndivyo tulivyozoea kusema ukoo mzima, na mimi nikiwa mstari wa mbele. Ana watoto watatu, na tangu mama yetu afariki anakaa pia na baba yetu, mzee wa miaka sabini na nane, dereva wa malori aliyestaafu. Kila Jumapili nikienda kuwasalimia namkuta wifi ametulia anachambua mboga, watoto wameoga, mzee amenyolewa ndevu na shati lake limepigwa pasi. Nikirudi kwangu najiuliza: huyu mwanamke kutwa nzima anafanya nini hasa? Swali hilo lilikuwa linaniwasha kama upupu.

Basi nikapata nafasi ya kulijibu. Wifi alipasuliwa tumbo. Siku ya kutoka hospitali daktari alitukalisha mimi na mdogo wangu, akatuambia bila kupepesa: "Siku kumi kitandani. Chooni ataenda, basi. Asiinue kitu, asiiname, asikimbie. Mshono wa ndani ukifumuka namrudisha mezani, na safari hiyo sitoi ahadi yoyote."

Mdogo wangu akakuna kichwa. Mimi nikadakia, "Daktari, nachukua likizo. Huyu hashuki kitandani hata nyumba ikiungua!"

Wifi, aliyekuwa kitandani pembeni yetu, akanitazama. Tulipokuwa kwenye teksi ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Wifi, usijisumbue kupanga vitu. Viache vilivyo."

Alikuwa anamwambia nani! Kumwambia mtu wa stoo aache vitu vilivyo ni sawa na kumwambia kuku asichakure.

Nilipofika nikazunguka nyumba nzima na daftari langu mkononi. Kwa macho ya Jumapili ilikuwa nyumba safi. Kwa macho ya stoo, lo, mbona makubwa! Kiti cha mbao kimesimama peke yake katikati ya korido, kila apitaye anakiparamia. Jikoni, juu ya ndoo tupu, kiatu cha shule cha mguu wa kushoto. Saa ya ukutani iko mbele dakika ishirini na tano. Viatu vya baba sikuviona popote, mpaka nilipofunua pipa la unga nikavikuta ndani, vimefungwa vizuri kwenye mfuko. Na bafuni, juu ya beseni la kunawia, kwenye msumari, kulikuwa na funguo saba nzito zenye kutu. Nilizijaribu kwenye kila mlango. Hazikufungua hata mmoja.

"Mtu mzima anaweka viatu kwenye unga," nilijisemea. "Ndiyo maana kutwa nzima yuko nyumbani. Anatafuta vitu!"

Nikakunja mikono ya blauzi. Kufikia saa tisa alasiri kila kitu kilikuwa na mwenzake. Viatu vyote kwenye rafu ya mlango wa mbele, vimepangwa kwa ukubwa. Funguo zote kwenye kulabu, pembeni mwa mlango huohuo. Kiti kimekwenda mezani, saa nimeirudisha kwenye ukweli. Nikabandika na vikaratasi: VIKOMBE, VIJIKO, SABUNI. Nilisimama katikati ya sebule nikajipongeza.

"Wifi," sauti ikatoka chumbani, "nasikia kama unaburuta kitu."

"Nakupunguzia vurugu, mwenzangu. Wewe lala."

"Kiti cha korido?"

"Kiko mezani na ndugu zake."

Kisha akauliza, "Na viatu vya baba je?"

"Viko mlangoni, kama viatu vya watu wenye akili zao."

"Wifi, nakuomba uvirudishe."

"Ukiamka utakuta nyumba mpya," nikamwambia, nikamfungia mlango asisumbuliwe na kelele. Ndiyo, nilimfungia mlango. Mtu alikuwa anajaribu kuniokoa.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu alishaondoka. Binti mkubwa, ambaye wenzake wanamwita Bi Harusi kwa jinsi anavyojikawiza mbele ya kioo, hutoka dakika ya mwisho siku zote. Siku hiyo alitoka dakika ya mwisho ya kweli, akakuta basi la shule limekwenda, akarudi analia. Kijana wa darasa la tatu alichukua viatu vyake kwenye rafu, akaondoka anapiga mluzi. Nilipotaka kuchemsha chai nikakuta ndoo ni kavu, na bomba nalo linakoroma tu, kwa sababu maji mtaani kwao hukatika saa moja. Mtoto wa mwisho ananililia njaa miguuni. Mimi, mtu wa stoo, nimesimama na birika tupu nashangaa nyumba gani hii.

Ndipo wifi akapiga kelele kutoka chumbani. "Wifi! Geti!"

Sikuwa nimesikia kitu. Yeye, kitandani, nyuma ya mlango uliofungwa, alisikia komeo. Nilipochungulia barazani kiti cha baba kilikuwa kitupu, na redio inaongea peke yake. Rafu ya viatu ina pengo. Kulabu moja haina kitu.

Nikakimbilia chumbani kwanza, na namshukuru Mungu nilifanya hivyo. Wifi alishaketi, mguu mmoja uko chini, mkono umeshika tumbo.

"Rudisha mguu huo!" nikamfokea.

"Baba hajui njia."

"Baba ameendesha malori nchi nzima, hajui njia?"

"Hajui njia, wifi." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Wewe mfuate, mimi nalala. Mfuate tu."

Nilitoka pekupeku. Niliuliza kwa fundi baiskeli, nikauliza kwa muuza mkaa, kila mmoja ananionyesha upande wake. Nilimpata mtaa wa nne, mbele ya duka la saruji, lori linashusha mzigo. Baba amesimama kwenye mlango wa dereva, viatu vinang'aa, anajaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine. Wapakiaji walikuwa wanacheka. Dereva mwenyewe hakucheka.

"Mama, huyu mzee ni wako?" akaniuliza. "Anasema tumechelewa kuondoka."

"Baba!" nikasema. "Unafanya nini huku?"

Baba akanigeukia kwa adabu kabisa. "Karani, karatasi za mzigo ziko tayari?"

Nikacheka. Baba yangu ni mtu wa utani tangu zamani. Nikasubiri na yeye acheke, lakini hakucheka. Dereva akamshika mkono taratibu, akatusindikiza mpaka getini, na njia nzima baba anamwelekeza namna ya kukanyaga breki kwenye mteremko.

Nilimkalisha barazani, nikafunga geti kwa kufuli, nikaenda kwa wifi. Alikuwa amelala chali kama alivyoagizwa, jasho linamtiririka. Nikakaa pembeni ya kitanda. Daftari lilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikalitoa, maana sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Wifi," nikasema, "zile funguo za bafuni ni za nini?"

Akanitazama kama anayehofia kuchekwa. "Sijui nianzie wapi. Sijawahi kuulizwa."

"Anzia popote."

"Kila asubuhi anaamka na safari," akasema. "Mzigo unamsubiri, tajiri atafoka. Ukimwambia amestaafu, mnagombana mpaka saa sita. Kwa hiyo namwacha atafute funguo, zile za malori yake ya zamani. Akizikuta bafuni, anaona maji, anaona kioo, ananawa uso. Akishanawa, safari imekwisha. Anataka chai."

Niliandika. "Na kiti?"

"Akitoka chumbani kwenda chooni, katikati ya korido anasahau anakwenda wapi. Anaogopa. Zamani alikuwa analia pale. Sasa anakaa, na ukikaa kwenye kile kiti mlango wa choo unauona, mimi huuacha wazi. Anakumbuka mwenyewe. Hakuna wa kumwambia, haoni aibu."

Nikaenda kukichukua kiti mezani, nikakirudisha koridoni, nikakaa. Kweli. Ukisogea hatua moja tu nyuma, huuoni mlango. Huyu mwanamke alipima hii! Nikarudi nikiwa na hamu kama mtoto. Kiatu cha kushoto je? Akatabasamu kidogo. Kijana wake hakumbuki kujaza ndoo hata umpigie ngoma, lakini shuleni na mguu mmoja haendi, na kiatu akikitoa juu ya ndoo, ndoo inamtazama. Saa ya Bi Harusi nilishaielewa bila kuuliza. Viatu vya baba kwenye unga? Alijaribu chini ya kitanda, akavipata. Juu ya kabati, akapanda stuli. "Lakini pipa la unga dereva halifungui," akasema. "Anasema hiyo ni kazi ya jikoni."

Tulicheka wote wawili, yeye amejishika mshono ananiomba nisimchekeshe. Halafu kicheko kikanikauka.

"Tangu lini, wifi?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Haiwezekani. Mimi nakuja kila Jumapili. Ananijua! Ananiita mwanangu, ananiuliza habari za kiwanda!"

Akaangalia dari. "Ukifika getini, mimi huwa nasemaje?"

Nikakumbuka. Kila Jumapili, kabla sijavuka kizingiti, wifi hupaza sauti nyumba nzima isikie: "Baba ee! Mwanao wa kwanza huyo, yule wa kiwanda cha rangi, kaja na mkate!" Miaka mitatu nimeona ni mbwembwe. Nilishawahi kumsema kwa watu kwamba ana kelele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema, bila hasira hata chembe. "Ukanijibu mzee hasahau ila asipotunzwa. Mbele za watu."

Ni kweli nilisema. Na mdogo wangu alipoambiwa alisema ni uzee tu, akaenda kazini. Nililia, sioni haya kusema, nililia na kamasi juu, nikiwa nimeshika daftari langu la stoo. Wifi ndiye aliyenibembeleza, mgonjwa.

Saa sita nilikuwa nimevirudisha vyote, hata kile kiatu. Kijana wa jirani aliniuzia maji madumu mawili, nikapika. Baba ana dawa ya presha ambayo haimezwi bila kula, nikamwandalia mezani, nikamwekea na kijiko.

Hakugusa. Alinitazama, akatazama sahani, akanitazama tena.

"Kula baba, upate dawa."

"Wewe ni nani?"

"Mimi mwanao wa kwanza. Wa kiwanda cha rangi." Nilijaribu kupaza sauti kama wifi, lakini maneno yale mwenyewe kujisemea hayakuwa na nguvu.

"Mwanangu yuko darasa la nne," baba akasema. "Ana pengo hapa mbele. Wewe mama unanidanganya ndani ya nyumba yangu?"

"Baba, ni mimi! Ulikuwa unanipakia mbele kwenye lori, unanifunga na mkanda wako wa suruali. Nitazame!"

Nilimshika mkono. Hilo ndilo kosa. Akauchomoa, akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Baba yangu alikuwa ananiogopa. "Mama!" akaita kuelekea chumbani. "Mama wee! Kuna mtu humu ndani!"

Kitanda kikalia. "Nakuja, baba," sauti ya wifi. Nikasikia mguu ukigusa sakafu. Nikasikia wa pili.

Nilikuwa na hamu moja tu duniani, baba yangu anitazame na kusema mwanangu. Ningeweza kubishana naye mpaka jioni. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikakunja mikono mbele kama mgeni.

"Samahani, mzee," nikasema. "Nilikosea kujieleza. Mimi ni mfanyakazi mpya, nimeanza leo. Mama amelala kidogo, amenituma nikupe chakula."

Baba akanikagua kuanzia kichwani hadi kwenye miguu yangu yenye vumbi. Pumzi zikaanza kumtulia.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema. Nikamwinulia kiti, akakaa. Akainama kunisogelea, akashusha sauti ili chumbani kusisikike. "Yule mama anafanya kazi sana. Sana. Hapa kwetu hakuna anayemwona. Afadhali umekuja, umsaidie."

"Ndiyo, mzee."

Kitanda kikalia tena, polepole, na miguu ikapanda juu, mmoja baada ya mwingine. Baba akashika kijiko. Alikula chote, akameza dawa, akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi.