Hirizi Ibaki Nje

Juzi nilimpeleka binti yangu kupigwa picha ya MRI ya goti. Mhudumu alipomwambia avue hereni, nilisikia tena harufu ya udi kwenye kanga ya bibi yangu.

Utotoni kwetu Chumbageni, goti langu nalo liliota kinundu. Bibi akanivisha hirizi ya fedha, kinga dhidi ya jini, akanipeleka hospitali kupigwa picha kama hiyo.

"Shikamoo bibi. Hirizi ibaki nje," mhudumu alimwambia.

Bibi alinivua, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Mashine ilipoanza kugonga, niliamini jini alikuwa akingoja ivuliwe tu ndipo abishe hodi.

Kinundu changu kilikuwa uvimbe wa gegedu, si saratani. Leo najua hirizi ilivuliwa kwa sababu ya sumaku ya mashine. Lakini mashine ilipoanza kumgongea binti yangu, nami nikingoja nje ya mlango, hirizi ile ile ilikuwa kiganjani mwangu, na sikumbuki niliitoa kabatini saa ngapi.