Wivu Langoni, Mgonjwa Ndani

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai hapa Nyeri, baridi ikiwa ile ya kukataza mtu kutoa mkono kwenye blanketi, wifi yangu Wanja alipomkama ng'ombe wangu akapata maziwa mengi kuliko niliyowahi kupata mimi. Mwanangu, mtu unaweza kumsamehe mambo mengi. Hilo bado limenikaa hapa kooni.

Wakati huo figo za mume wangu, Baba Njeri, zilikuwa zimechoka zote mbili. Mara mbili kila wiki tuliteremka hospitali akasafishwe damu kwa mashine, na daktari alikuwa ametuambia waziwazi: tutafute mtu mzima, mwenye afya na mwenye hiari, ampe figo moja. Nilijitolea hata kabla daktari hajafunga mdomo. Nikapimwa, na damu yangu ikakataa. Miaka yote ile ya kumpikia mukimo, kumfulia soksi na kuvumilia kukoroma kwake, halafu damu inasema hatujuani! Nililia mpaka nesi akanitafutia kiti.

Hapo ndipo wivu uliponiingia. Kama mtu wa kumwokoa si mimi, basi huyo mwingine asije haraka, angoje kwanza nizoee. Tena mimi kwa asili ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi zizini, na wageni nawapenda sana wakiwa wanaondoka. Nikafunga lango. Aliyekuja kuuliza hali nilimjibu hapo hapo nje, "Ni malaria tu, anaendelea vizuri." Binamu yake Kamau alitoka Kenol na mkate na maziwa ya pakiti (maziwa, kwangu mimi mwenye ng'ombe!), nikamwambia mgonjwa amelala. Kweli alikuwa amelala. Sikusema ataamka saa ngapi.

Wanja, dada yake Baba Njeri, anauza nyanya soko la Kagio, na siri haijawahi kulala kwake. Alipopata habari, alikuja na begi la nguo. Alipimwa naye, daktari akamkatalia kutoa figo kwa sababu ya presha, lakini mdomo haukuwa na presha. Kabla wiki haijaisha alikuwa amegawa kazi kama mwalimu wa zamu. Mzee wa kanisa awe anatupeleka hospitali Jumanne, jirani Ijumaa, kina mama wa chama wapike na wanichumie chai shambani. Yeye akachukua ng'ombe. Jioni alikaa kwenye kiti changu, simu sikioni, akieleza ukoo mtu mmoja mmoja: "Kaka yangu anahitaji figo. Sikuombi yako, nataka tu ujue." Na Baba Njeri, ambaye mimi alikuwa ananijibu kwa kuguna, akawa anacheka! Nikiwa jikoni nilibamiza sufuria ili wajue na mimi nipo.

"Mama Njeri, uko na sukari?" Wanja akaniita.

"Si wewe ndiye mwenye nyumba? Tafuta."

"Ati mimi? Haya basi, mwenye nyumba anasema ulete na chapati."

Sebule nzima ikacheka. Nikatoka nikaenda zizini. Mama mkwe, ambaye sisi humwita Maitu, yaani mama, akainuka sebuleni akanifuata polepole na fimbo yake. Kwa kuwa binti yangu Njeri alipewa jina lake, nami ni Mama Njeri, alikuwa akiniita "mama yangu" kila alipotaka kuniuma.

"Mama yangu, unalilia ng'ombe?"

"Anampa Wanja maziwa kuliko mimi, Maitu. Na mume wangu anamchekea yeye."

"Hebu niambie. Unataka mtoto wangu apone, ama unataka apone kwa mkono wako?"

Nilimgeukia ng'ombe anitetee. Akaendelea kutafuna nyasi, msaliti yule.

"Kwa sababu hayo ni mambo mawili," akasema, "na mimi kijana niko na mmoja tu. Ni nani ulimwambia malaria?"

Nikamtajia Kamau, ambaye simu ya Wanja ilikuwa bado haijamfikia.

"Basi mpigie. Si Wanja apige. Wewe."

Simu ile ilikuwa nzito kuliko debe la maji. Nikasema, "Kamau, nilikudanganya. Si malaria, ni figo."

Akanijibu, "Nilijua, shemeji. Malaria gani hiyo ya miezi yote hii? Nilikuwa nangoja tu mnihesabu kuwa mtu wenu."

Alifika kesho yake. Hakuna aliyemwomba kitu. Ni yeye, akiwa na kikombe mkononi, aliyeuliza watu hupimwa wapi. Madaktari walimweka peke yake wakamuuliza tena na tena kama kuna aliyemlazimisha, wakamwita na mkewe wakamweleza hatari zote. Damu yake ikakubali.

Baba Njeri alipoamka baada ya upasuaji, cha kwanza aliuliza Kamau yuko aje. Cha pili, kama ng'ombe amekamwa. Mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Siku hizi hao wawili hukaa barazani kwangu kama pacha, wanacheka mambo nisiyoyajua, nami nawapelekea chai nikiwa na wivu wangu. Lakini kikombe cha Baba Njeri, aliyekuwa akipimiwa hata maji ya kunywa, hurudi jikoni kikiwa kitupu, na hilo linanitosha.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa na mgonjwa wa namna hii, utaje ugonjwa kwa jina lake. Usimkabe mtu akupe kiungo chake. Mweleze hali, mwache aende akafikirie na watu wa kwake, na akikataa, mpikie chai ile ile. Simu mpe anayejua kuongea, gari mpe mwenye gari, na wewe ubaki na nguvu za kumshika mgonjwa mkono.

Mungu akujazie sebule watu mpaka wewe mwenyewe ukose kiti, na akupe wifi kama Wanja. Ng'ombe tu umfiche.