Mahubiri Yaliyojaza Kompyuta

Kanisani kwetu Chapwa, mimi ndiye ninayerusha ibada mtandaoni ili ndugu zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nao waabudu. Programu ya kubana video kwa kadi ya picha ya kompyuta niliiandika mwenyewe, na kichwa kilinivimba kweli.

Lakini kila Jumapili, baada ya kama saa mbili, memori ilijaa na picha ikaganda mchungaji akiwa katikati ya neno. Nikamwambia, "Baba, mahubiri marefu yanaijaza kompyuta." Akakubali kwa upole. Akayafupisha, akaacha hata kuwasalimu wa Nakonde kwa Kinamwanga, salamu waliyoipenda kuliko zote.

Kwa nyimbo na maombi ibada bado ilipita saa mbili, na picha iliendelea kuganda. Alhamisi nikaelekeza kamera kwenye mimbari tupu, nikasubiri. Memori ikapanda polepole, ikajaa, picha ikaganda vilevile. Nikaipitia programu yangu: kila picha ilichukua nafasi kwenye memori, na mimi sikuandika popote kwamba nafasi hiyo irudishwe.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Ni mchungaji, kumbe alikuwa benchi la mwisho muda wote. Akaitazama mimbari, akanitazama mimi.

"Mwanangu, na leo nani kahubiri?"